Mzee Futi, Mwenye Namba Sabini na Tatu

Miaka thelathini na mbili na miezi minne. Hiyo ndiyo hesabu ya utumishi wa ndugu yetu, mkuu wa kitengo cha ugavi, anayestaafu leo Ijumaa, tarehe thelathini Juni, saa kumi kamili alasiri. Hivyo ndivyo barua inavyosema. Yeye mwenyewe anasema atastaafu saa kumi na robo, kwa sababu kuna droo moja kwenye meza ya mhasibu inayokwama na bado hawajamalizana.

Kamati ya sherehe ilinipa ukurasa mmoja wa kumwelezea. Niliwajibu kwamba mtu aliyeninyima kiti cha kuzunguka kwa miaka sita, nina haki ya kumsema kwa kurasa nizitakazo. Kwa wageni wasionijua, mimi ni dada wa dirisha la pili, ninayepokea fomu za wastaafu wanaokuja kufuatilia mafao yao. Huu ni mwaka wa kumi na tisa nautazama ukumbi wetu wa kusubiria kupitia kioo, na mengi nitakayoyasema niliyaona kwa macho yangu. Mengine nilisimuliwa na watu wasio waongo, isipokuwa dereva.

Jina lake kamili limo kwenye cheti atakachokabidhiwa leo. Humu ndani tunamwita Mzee Futi, na hata meneja akimtafuta kwa jina la kwenye cheti, watu huulizana ni nani huyo. Jina lilitokana na ile futi ya chuma inayojikunja yenyewe, ambayo haijawahi kutoka mfuko wake wa kushoto. Inasemekana hata siku ya harusi yake ilikuwa mfukoni. Shemeji yetu yupo hapa leo, anaweza kuthibitisha.

Alipoingia ofisi hii alikuwa kijana wa miaka ishirini na saba na ushei, ameomba kazi ya kutunza stoo. Siku ya usaili walimkalisha mbele ya watu watatu, kwenye kiti chenye mguu mmoja mfupi. Kabla ya kujibu swali la kwanza aliomba samahani, akanyanyuka, akakipindua kile kiti, akakikagua. Kisha akatoa barua yake ya kuitwa kwenye usaili, akaikunja mara nne, akaiweka chini ya ule mguu, akakaa na kusema yuko tayari. Mwenyekiti wa jopo, ambaye sasa ni marehemu, alikuwa akisimulia kwamba maswali yaliyofuata waliyauliza kutimiza wajibu tu.

Alikaa stoo miaka sita, akawa karani wa ugavi miaka mitano, afisa ugavi miaka saba, na hii miaka kumi na minne ya mwisho amekuwa mkuu wa kitengo. Kalamu, karatasi, taa, mapazia, vyote vilipita mikononi mwake na alivinunua vizuri. Lakini moyo wake ulikuwa kwenye samani. Ukitaka kumwona mzee huyu akisahau chakula cha mchana, mwambie kuna meza inatakiwa.

Sheria zake za kununua kiti zilikuwa tatu, na hazikubadilika katika utawala wa mameneja watano: kukikalia, kukipindua, kukiburuta. Kukipindua ni kuona alichoficha fundi. Kukiburuta ni kwa sababu watu wa ofisi, hata uwape semina, hawanyanyui kiti. Na kukikalia hakukuwa kule kwetu sisi, kujibwaga na kudunda mara mbili na kusema kizuri. Yeye alikwenda dukani na gazeti. Anakaa, anavuka mguu, anasoma habari zote mpaka matangazo ya vifo. Kiuno kikilalamika kabla hajafika kurasa za michezo, kiti kimefeli.

Wenye maduka walimzoea. Mama mmoja mwenye duka kubwa kwenye mtaa wa samani, ambaye sisi tunamwita Mama Makochi na yeye anajua, alimkuta siku moja kwenye kiti kilekile alichomwacha amekikalia alipokwenda benki na kurudi. Akamuuliza, “Mzee wangu, unanunua au umehamia?” Mzee Futi akamjibu bila kuinua macho kwenye gazeti kwamba kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Methali hiyo amenisomea mimi binafsi zaidi ya mara mia. Naomba wageni waiweke akilini, maana itarudi.

Kulikuwa pia na daftari la jalada la bluu. Mtumishi mpya hakupewa meza kabla ya kupimwa: kutoka unyayo hadi nyuma ya goti, kutoka kwenye kiti hadi kiwiko, na urefu wa mkono akijinyoosha kuchukua faili. Vipimo vyote viliandikwa, na kila baada ya miaka michache alivirudia, kwani watu hunenepa na hawasemi. Mhasibu wetu wa sasa, siku yake ya kwanza kazini, alidhani anapimwa sare. Alimwomba Mzee Futi kwa heshima zote kwamba sketi isipite goti. Mzee akaandika ombi lile kwenye daftari, na lipo mpaka leo, chini ya kipimo cha kiwiko.

Sasa kuhusu kiti changu. Nilipoanza kazi nilitaka kiti cha kuzunguka, cheusi, chenye mgongo mrefu, kama cha meneja. Niliandika maombi mara nne ndani ya miaka sita. Mara zote nilijibiwa kwamba ninanyanyuka kufuata mafaili mara arobaini kwa siku. Alikuwa amekaa kwenye ngazi siku nzima akinihesabu, bila hata kuniambia! Badala ya kiti cha enzi akaniletea kiti kirefu cha mbao chenye kigingi cha kuwekea miguu, kama vile vya mafundi saa. Nilinuna wiki tatu. Salamu nilimpa ya mbali, ile ya kidevu. Naomba niseme leo mbele ya mashahidi: wenzangu wa madirisha mengine, waliokuja na viti vyao vya kuzunguka kutoka nyumbani, wote wanakwenda kukandwa migongo. Mimi sijawahi kumeza hata kidonge. Asante, mzee. Imenichukua miaka kumi na tisa kusema, lakini nimesema.

Isidhaniwe kwamba hakuwahi kukosea. Kuna mwaka alinunua makabati kumi na mawili ya chuma ya kuhifadhi mafaili. Aliyapindua, aliyaburuta, akatuambia hakuna kabati bora mjini kuliko hayo. Yalikuwa imara kweli. Mwezi ulipopita ndipo ikagundulika kwamba ufunguo wa kabati lolote unafungua mengine kumi na moja, na iligundulika kwa sababu chakula cha mhasibu kilikuwa kikipungua. Mzee Futi hakumsingizia mwenye duka. Alisema kosa ni lake, alijaribu milango lakini hakujaribu funguo, akabadilisha vitasa kimoja kimoja kwa mikono yake. Nalitaja hili kwa sababu ndivyo alivyo: akikosea, hutafuti wa kumlaumu, ameshajilaumu mwenyewe na ameshaleta bisibisi.

Ila kosa lililotufikisha kwenye sherehe ya leo lilikuwa kubwa kuliko hilo, na lilikaa miaka kumi na minne bila mtu yeyote kuliona.

Mwaka aliopewa ukuu wa kitengo, ukumbi wa kusubiria ulipanuliwa. Meneja wa wakati huo alikuwa ameshapenda viti vya chuma kwenye kitabu cha picha, vile vinavyounganishwa vinne vinne, vinang'aa, vina vitundu kama chekecheo. Mzee Futi hakubishana. Aliomba sampuli moja, akaiweka kwenye chumba cha mikutano Jumatatu asubuhi, upande anaokaa meneja. Mkutano uliopangiwa muda wa saa mbili ulikwisha kwa dakika thelathini na tano, na habari za viti vya chuma hazikusikika tena.

Yakachongwa mabenchi ishirini ya mbao ngumu, yenye migongo iliyolala kidogo. Aliyakalia kule karakana asubuhi nzima mpaka adhuhuri. Aliyapindua yote. Fundi alikuwa ameyawekea mikono pande mbili, lakini Mzee Futi akaamuru iondolewe ili kila benchi libebe watu watano badala ya wanne, maana wastaafu wetu ni wengi na hakutaka hata mmoja asimame. Siku yalipowekwa ukumbini alitembea katikati yao mikono nyuma, kama mwenye shamba. Na toka siku hiyo, kila asubuhi alipopita kwenda ofisini kwake, alipitisha kiganja kwenye mgongo wa benchi la kwanza. Hatukuwahi kumuuliza kwa nini. Tulijua ni kazi aliyoipenda kuliko zote.

Mwezi wa tatu mwaka huu ikawa zamu yake ya kujaza fomu ya mafao. Kwa kawaida mtumishi mwenzetu anayekaribia kustaafu huniachia fomu mezani wakati wa chai, na mambo yanakwisha. Mzee Futi alikataa. Alisema anataka kuwa mteja walau siku moja, na akanisomea tena habari ya kitanda na kunguni. Akatoka mlango wa watumishi, akazunguka nje, akaingia kwa mlango wa wateja, akachukua namba. Ilikuwa sabini na tatu. Mimi nilikuwa nahudumia arobaini na moja.

Alikaa benchi la tatu, upande wa ukuta, na gazeti lake. Kila nikiinua macho namwona anafungua ukurasa. Nilimkonyeza, akajifanya hanijui. Baada ya saa moja na nusu nikaita: namba sabini na tatu, dirisha la pili. Hakuinuka. Nikajua ananitania, nikaita kwa sauti ya kiofisi zaidi. Ndipo nikaona. Alikuwa amesogea ukingoni mwa benchi, viganja magotini, ameinama mbele, akarudi nyuma. Akajaribu tena, akarudi tena. Alikuwa bado anatabasamu, lakini mimi namjua, lile halikuwa tabasamu la utani.

Pembeni yake alikuwepo bibi mmoja, nesi mstaafu, mteja wetu wa siku nyingi. Yule bibi alimshika kiwiko bila hata kumtazama usoni, akamvuta juu kwa mkono uliozoea kunyanyua watu. “Twende, baba,” akamwambia. “Usijali, humu tunainuana.”

Nataka nikiri jambo hapa, na si jambo la kuchekesha. Miaka kumi na minne nimewaona wazee wakishikana mikono mbele ya dirisha langu. Niliwasifia kwa wageni. Nilisema tazameni wazee wetu wanavyopendana, vijana wa siku hizi wangejifunza. Kumbe benchi lilikuwa limewameza, na hawakuwa na namna nyingine ya kutoka. Kila mmoja alimsubiri wa pembeni yake. Waliokuja peke yao siku za wateja wachache, sijui walifanyaje. Naona aibu kwamba sijui.

Mzee Futi alifika dirishani na fomu mkononi. Nikanyoosha mkono kuipokea. Hakunipa. Aliikunja, akaitia mfuko wa kulia pamoja na kile kijikaratasi cha namba, akatoa futi mfuko wa kushoto, akarudi benchi la tatu na kupiga magoti. Kutoka sakafuni hadi kwenye kikalio, inchi kumi na tano na nusu. Alipima mara tatu. Wateja waliokuwepo walidhani ofisi inahama.

Wakati wa chai nilimkuta stoo amekaa juu ya boksi la karatasi. Nilimpelekea kikombe, akakishika tu, hakunywa. Akaniambia alipoyakalia mabenchi yale karakana alikuwa na miaka arobaini na sita na alipanda ngazi mbili mbili. Kukaa alikujaribu asubuhi nzima. Kuinuka hakukujaribu, kwani kulikuwa hakumsumbui. Na mikono ya benchi, ile ambayo mtu angejisukumia, aliiondoa yeye mwenyewe. “Nimepima magoti yote ya ofisi hii, dada,” akasema. “Magoti ya wenye ofisi sikuyapima.”

Nilijaribu kumpoza. Nilimwambia watu watano walikaa mahali pa wanne, na hilo nalo ni jema. Akasema ni jema, ila watano hao waliinuka kwa kuombana. Kisha akanitajia msimamo wake: fomu yake hataileta dirishani kwangu mpaka mtu wa umri wake aweze kusimama kwenye ukumbi ule bila kushikwa na mtu. Nikamkumbusha kwamba imebaki miezi mitatu, na kwamba mafao ya mtu asiyeleta fomu hayatembei yenyewe. Akasema atasubiri, kwa sababu kusubirisha wengine ameshasubirisha vya kutosha. Mkaidi hafaidi mpaka siku ya Idi, nikamwambia. Hapo ndipo alipokunywa chai.

Mpango wa manunuzi wa mwaka huu haukuwa na benchi hata moja. Ulikuwa na samani za ofisi mpya ya meneja: makochi matatu, meza pana, kabati la vioo. Mzee Futi angeweza kuandika waraka wa kurasa saba. Badala yake aliwaomba wajumbe wa kamati ya manunuzi washuke ukumbini baada ya wateja kuondoka, wakae kwenye mabenchi, wafumbate mikono kifuani, halafu wasimame. Basi. Vijana wawili waliweza, mmoja kwa kujitupa mbele nusura aangukie meza ya fomu. Mhasibu alikataa kabisa kuendelea baada ya jaribio la kwanza. Meneja wetu, ambaye ni mama wa miaka hamsini na mitatu na hapendi kushindwa, alijaribu mara tatu, huku akicheka mpaka machozi, na mara zote tatu benchi lilimrudisha.

Kisha akaacha kucheka. Alisema mama yake mzazi huja ukumbini humu kila baada ya miezi michache, na akirudi nyumbani husimulia jinsi alivyokutana na mtu mwema aliyemshika mkono. Akaomba kalamu, akachukua ule mpango wa manunuzi, akakata makochi yake kwa mkono wake, akakata na kabati la vioo. Wageni watakaopita ofisini kwake leo wasishangae viti vya zamani. Vina historia.

Baada ya hapo Mzee Futi alikuwa kama kijana. Wiki mbili nzima alishinda ukumbini na futi na daftari la bluu, akiomba ruhusa kwa kila mteja, akipima magoti. Watu mia moja na kumi na wanane. Hakuna aliyekataa. Wengine walirudi kesho yake na wake zao wapimwe. Mwalimu mkuu mmoja mstaafu, mama mfupi aliyefundisha nusu ya mji huu, alidai apimwe upya kwa sababu mpimaji hakuvaa miwani, kisha akalichukua daftari na kusahihisha mwandiko.

Kwenye kuchagua hakurudia kosa la kukalia peke yake. Alimchukua yule nesi na yule mwalimu mkuu, akazunguka nao karakana na maduka kwa siku nne kwenye gari la ofisi. Mama Makochi alipowaona wanaingia watatu, wakakaa watatu, wakafungua magazeti matatu, alishika kichwa. “Leo umeleta na ukoo!” akasema, lakini chai aliwaletea. Dereva anaapa kwamba siku ya tatu nesi alikuwa ameshaanza kupindua viti mwenyewe.

Walichokigundua ni kwamba benchi linalomfaa nesi, mwenye nyonga mbovu, linamwacha mwalimu mkuu ananing'inia miguu kama mtoto kwa kinyozi. Walibishana siku nzima. Mwishowe mwalimu akauliza swali ambalo aliye na cheti cha ugavi hakuwa amelifikiria: kwani darasani madawati yote huwa sawa? Ikaamuliwa mabenchi yawe ya vimo viwili, ya inchi kumi na tisa na ya inchi kumi na saba. Kila moja watu wanne, na mikono imara katikati ya kila mtu na mwenzake.

Kazi alipewa fundi seremala wa mtaa wa nyuma, tunayemwita Msumari, na ahadi ilikuwa tarehe kumi Juni. Ahadi za mafundi mnazijua. Mabenchi yalishushwa uani tarehe ishirini na moja. Mzee Futi aliyapindua moja moja juani, akajisukumia kwenye kila mkono kwa uzito wake wote. Manane kati ya ishirini na manne yalinesa. Mbao zilikuwa hazijakauka vizuri.

Zilibaki siku tisa. Ratiba ya sherehe ilikuwa imeshakwenda kwa mpiga chapa. Meneja alimwambia apokee, yatakazwa baadaye. Mimi pia nilimwomba, na sioni fahari kusema hivyo, nilimwomba kwa kuwa nilikuwa nafikiria fomu yake iliyokuwa inachakaa mfukoni. Mtu mwingine angesaini akaenda zake, mbao zije kulegea akiwa nyumbani amevaa ndara. Alikataa. Akasema mzee akijisukumia kwenye mkono unaonesa ataanguka, na bora benchi linalomkatalia kusimama kuliko linalomdanganya. Msumari aliondoka na mabenchi manane na maneno mengi. Siku nane hatukusikia kitu. Mzee Futi alipitapita kwenye korido akijifanya anakagua mapazia, na kila gari likipiga honi uani anachungulia. Sijawahi kumwona hivyo.

Jana, Alhamisi, saa tatu asubuhi, Msumari alirudi. Aliyapanga mabenchi yote manane, akakaa kwenye la kwanza, akajisukuma akasimama, akaenda la pili, mpaka la nane. Kisha akampa Mzee Futi kalamu. Mzee naye akayazunguka yote, akayapindua, akayaburuta, akayakalia, na safari hii akayainukia. Akasaini. Hiyo ndiyo sahihi yake ya mwisho katika ofisi hii. Ukiona vyaelea, vimeundwa.

Shemeji yetu tunamshukuru kwa kutuazima mume miaka yote hii. Ametueleza kwamba kiti kimoja cha meza ya chakula nyumbani kwao kina miaka tisa kinayumba, na kila akikumbusha anajibiwa kesho. Kinyozi hajinyoi. Shemeji, kuanzia Jumatatu fundi ni wako, na hana tena kisingizio. Watoto na wajukuu, jihadharini, mtapimwa.

Daftari la bluu ameniachia mimi. Mzee wetu, tutapima kila mtu, wa ndani na wa nje, na tutapima wakiwa wanainuka pia. Tunakuombea afya, usingizi mnono, gazeti lisilo na haraka, na magoti yatii amri. Maisha yako ya mbele yawe mema kama ulivyotufanyia mema, na ukipita mjini usitupite.

Ndugu wageni, kama bado hamjatambua, mmeyakalia. Ya inchi kumi na tisa ni upande wa kushoto, ya kumi na saba upande wa kulia. Mstaafu wetu yuko benchi la tatu, upande wa ukuta, na kijikaratasi chake cha namba bado kimo mfuko wa kulia, pamoja na fomu. Mshereheshaji atakapomaliza kusoma ukurasa huu, nawasihi tafadhali, hasa wewe bibi yetu nesi uliyekaa pembeni yake: mtu asimshike mkono. Makofi yasubiri mpaka awe wima.

Dirisha langu liko wazi. Namba sabini na tatu, dirisha la pili.